Mtondogoo

Mwaka wa kwanza wa uzamili wa falsafa ulinipita bila kunisumbua sana. Plato, Kant, mantiki, insha ya kurasa kumi kila baada ya wiki mbili, mtihani, basi. Shida ilianza mwaka wa pili, kozi zilipokwisha nikaachwa peke yangu na andiko la utafiti. Miezi saba nilikuwa na kurasa kumi na moja. Nikimwona msimamizi wangu anashuka ngazi, nilikumbuka ghafla kwamba nina kazi maktaba.

Mada nilikuwa nayo: kumpinga John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kasisi huyo wa Kitui aliandika kwamba wakati, kwa Mwafrika wa jadi, ni yale yaliyotokea na yanayotokea. Yajayo karibu hayapo. Sehemu hizo mbili akazipa majina ya Kiswahili: Zamani na Sasa. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu kaja kuazima maneno mawili nyumbani kwetu, la tatu kaliacha palepale mlangoni! Tena ushahidi wake hakuutoa kwenye Kiswahili. Aliutoa kwenye vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambavyo aliona vinafika miezi sita hivi mbele, na vikienda mbali sana havivuki miaka miwili.

Kuumia nilikuwa nimeumia. Hoja sikuwa nayo.

Jumapili moja ya Januari 2017 nikampigia Bibi, Pangani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Unakula lakini?"

Nikamwambia nakula. Yeye akanieleza habari za paa la jikoni, linavuja mpaka kwenye mafiga. Kapata fundi wa makuti, ila fundi mwenyewe ana mambo mengi. "Kesho ana maziko. Keshokutwa anakwenda kutafuta fito. Mtondo anazifunga, mtondogoo anaezeka."

"Bibi, hebu rudia."

Akarudia taratibu, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. Nikaandika nyuma ya risiti ya ada: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Maneno yale nilikuwa nayajua tangu utotoni, ila sikumbuki lini mara ya mwisho niliyatamka. Sisi wa mjini tunasema tu "Alhamisi". Siku nne zijazo, kila moja na jina lake! Nikaona Mbiti nimemmaliza. Ndani ya wiki mbili nikaandika kurasa ishirini na tano.

Machi nikaitwa mbele ya jopo. Watu watano, feni inayolia, chupa za maji zisizofunguliwa. Kikao kilikwenda kwa Kiingereza, kama kawaida, na nilizungumza vizuri tu, nakiri mwenyewe. Nilipofika kwa Bibi hata niliona mmoja wao anatabasamu. Mwisho wa meza alikaa mhadhiri mzee aliyekuwa kimya muda wote, anazungusha kalamu. Akavua miwani. Akaacha Kiingereza.

"Kijana, mtondogoo ni siku ya ngapi kutoka leo?"

"Ya nne, Profesa."

"Mbiti kakupa miaka miwili. Wewe umemletea siku nne."

Walicheka wote, hata msimamizi wangu. Nadhani hata mimi nilicheka, maana nakumbuka mashavu yakiniuma. Nikajaribu kujiokoa kwa mnazi. Nikasema Bibi alipanda minazi akiwa mtu mzima sana, na mnazi wetu wa asili unachukua miaka sita saba kabla haujazaa. Asiye na wakati ujao angeupandia nini?

"Mnazi unazaa wenyewe," akasema. "Kitu kinachofuata mwendo wa maumbile, mvua ya mwaka, mavuno, hicho Mbiti hakukikataa. Amesema ni wakati unaoweza kuwa. Umesoma hapo?"

Nilikuwa nimesoma. Nakala yangu ilijaa mistari ya kalamu nyekundu ukurasa hadi ukurasa, isipokuwa aya hiyo. Pale palikuwa peupe kabisa.

Andiko likarudishwa. Miezi miwili ya marekebisho.

Msimamizi wangu alinikuta kwenye ngazi, na mara hii sikuwa na nguvu za kukimbilia maktaba. Hakunipa pole. Aliniuliza: "Nani kakwambia kuhesabu maneno ya lugha ni kuhesabu mawazo ya watu? Mbiti kahesabu vitenzi, wewe umehesabu siku. Mmefanya kosa moja." Akaendelea kushuka. Katikati ya ngazi akageuka: "Na msome Gyekye tena."

Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu Mbiti mwaka 1987 kwa mifano ya Kiakani, na mimi nilimpenda kwa sababu tulikuwa upande mmoja. Usiku ule nilimsoma kwa jicho jingine, nikimtazama hasa pale anapotoka kwenye lugha kwenda kwenye fikra: anapitia wapi, daraja liko wapi, na je, linabeba? Kisha nikarudi kwa Mbiti na swali lilelile. Kabla ya alfajiri nilikuwa na kurasa tatu. Kati ya zile ishirini na tano nilibakiza nne. Hizo saba, pamoja na maswali yake, ndizo zilizokuja kuwa sura ya kwanza ya tasnifu.

Asubuhi nikampigia Bibi. Nilitaka kumweleza kwamba maprofesa watano wamejadili paa lake, ila sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwa fundi.

"Alimaliza kuezeka?"

"Nani? Hata fito hajaleta."

"Bibi! Si tangu Januari?"

"Alipita juzi hapa," akasema. "Kasema mtondogoo."