Mtaro kwanza, lami baadaye

Tulikaa Februari, kaskazi ikivuma na vumbi likiingia hadi kwenye vikombe vya kahawa. Swali lilikuwa moja: mtaa wetu hapa Ngamiani uombe nini kwenye bajeti ya Julai 1? Mikono karibu yote ilinyooka kwa lami. Nawaelewa majirani zangu. Kiangazi mtu huona vumbi, maji ya masika ameshayasahau.

Mimi ni mwashi, nimejenga Tanga hii zaidi ya miaka thelathini, na sasa ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Mkono wangu haukunyooka. Niliomba nafasi nikafungua daftari.

Mei iliyopita, mvua ikinyesha, mimi na saidia fundi wangu tulizunguka na kipande cha mkaa, tukapiga mstari ukutani kila mahali maji yalipofika. Nyumba kumi na saba. Kwa mama muuza vitumbua mstari ulikuwa juu ya kizingiti, usawa wa chaga za kitanda, na gunia lake la mchele lilikuwa limeloa lote. Mvua ilipokatika tukarudi na mpira wa maji, ule mweupe ambao kila mwashi anao wa kupimia usawa, tukaupima mtaro kuanzia juu hadi kwenye karavati, lile tundu la kupitisha maji chini ya barabara. Mdomo wa karavati uko inchi tatu juu ya sakafu ya mtaro! Maji yapande ndipo yatoke. Miaka yote tumekuwa tukizibua mtaro ule kwa nguvu zetu, tunatoa mchanga, tunaurundika kando, mvua ya kwanza unarudi palepale. Na miaka yote tumekuwa tukilaumiana kwamba watu ni wavivu.

Lami haiuawi na bodaboda. Inauawa na maji. Yakipenya kwenye ufa, changarawe ya chini inalainika, lori la mchanga likipita juu panabonyea, shimo limezaliwa. Halafu kuna jambo ambalo wenye nyumba za zamani walilishika haraka kuliko wote: barabara ikijazwa kifusi inainuka, nyumba zao zinabaki chini, na ua wa nyumba ndio unakuwa mtaro. Mzee mmoja aliyekuwa ameinua mkono kwa lami alisimama akasema, "Basi mimi nafuta." Nilimheshimu sana kwa hilo.

Na bomba je? Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ikapatikana zaidi ya shilingi bilioni 53 za kupanua na kuboresha huduma ya maji. Ni jambo jema, nalifurahia. Lakini bomba jipya halipiti hewani, lazima ardhi ichimbwe. Niliwahi kufanya kazi kwenye njia moja, mji mwingine, ambako lami mpya ilikatwa kabla haijamaliza mwaka ili bomba lipite, ikafukiwa kwa udongo mtupu. Kovu lile lilititia masika yaliyofuata. Nilisikitika kama nimeharibiwa ukuta wangu mwenyewe.

Kwa hiyo tuliandika hivi: karavati ing'olewe ishushwe, mtaro ujengwe upya kwa mawe wenye mteremko unaopimika, bomba lipite, ndipo tuzungumze lami. Barua ina nakala tatu, kwa sababu barabara za mitaa ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, bomba ni la mamlaka ya maji, na taka zinazoziba mtaro ni za halmashauri ya jiji. Mtaro mmoja, milango mitatu ya kubisha hodi. Mchoro nimeuchora mwenyewe kwa penseli, nikaandika vipimo vya mkaa wetu nyumba kwa nyumba. Sasa jambo liko kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani ameomba aonyeshwe ule mpira ukipimwa mbele yake.

Atakuja Jumamosi saa moja asubuhi. Masika hayasubiri bajeti, kwa hiyo siku hiyohiyo tutatoa mchanga wote ulio mbele ya karavati, na safari hii hautarundikwa kando: jirani mwenye mkokoteni wa punda ameshakubali kuuhamisha. Mwenye koleo aje nalo. Mama wa vitumbua amesema chai ni juu yake.