Programu Inayotambua Mchambuzi Amefika Wapi

Kila ninapoanza kusanifu skrini ya wachambuzi wa usalama wa mitandao, hukumbuka kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, ambapo kengele zaidi ya 100 zililia ndani ya dakika chache na printa iliyoziandika ikabaki nyuma kwa muda mrefu, huku wahudumu wakishindwa kutambua kwamba vali moja ilikuwa imekwama wazi na maji ya kupozea yalikuwa yakivuja. Taarifa hazikukosekana, zilimiminika zote kwa pamoja.

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alitoa hoja kwamba akili hushika takriban vitu vinne tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo programu ninayoijenga huangalia kesi ambayo mchambuzi ameifungua, hukusanya tahadhari, yaani maonyo ya mfumo kuhusu jambo la kutiliwa shaka, zinazohusu kompyuta ileile au akaunti ileile ziwe tukio moja, na zile zisizo za dharura huziweka kando mpaka amalize hatua aliyo nayo.

Hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu zaidi. Programu ikihamisha vitufe huku na huko humvuruga mtu ambaye mkono wake umeshazoea, na ikificha jambo bila kumwarifu humpotosha. Ndiyo maana mpangilio wa skrini yangu haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni mfuatano wa tahadhari, na kando ya kila iliyoahirishwa huandikwa sababu, pamoja na kitufe cha kuirudisha papo hapo.