Tundu la bluu: nilivyojiundia kompyuta ya gemu nikiwa Mtwara

Kila anayeingia chumbani kwangu hapa Chikongola akaikuta imewaka, swali la kwanza ni imekula shilingi ngapi. Hujibu "milioni na kitu". Hicho kitu sikifafanui, maana ndani yake kuna laki moja na nusu niliyoitupa Kariakoo huku nacheka.

Hela yenyewe ilikuwa ya korosho. Nilikaa Tandahimba kwa mzee msimu mzima, naokota, nabeba magunia hadi ghalani, na malipo yalipoingia (yalichelewa, tuyaache) akanikatia fungu langu. Sasa kazini kwetu kuna kaka mmoja anayejua kila kitu. Simu ikizingua, aitwe. Printa ikikwama, aitwe. Nikamwendea. Akaniambia: "Mdogo wangu, kuunda ni kujitesa. Chukua mtumba wa ofisini, chomeka kadi ya grafiki ichore picha za gemu, umemaliza."

Nikachukua. Prosesa, yaani ubongo wake, Core i5 ya kizazi cha nne, laki mbili na ushee, stika ya mali ya ofisi bado imebandikwa ubavuni. Kumbe ile ina pawasaplai (boksi la kugawa umeme ndani) yenye umbo lake na plagi zake. Ukitaka kuweka ya kawaida yenye nguvu zaidi, haiingii. Waya wa ziada wa kulisha kadi haina. Kaka akasema si neno, tafuta kadi ya GTX 1050 Ti, ile inakula wati 75 tu na inazipata palepale kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Hapo, nimtendee haki, hakukosea.

Nikapanda Dar kwenye harusi ya binamu, na asubuhi yake nikaingia Kariakoo. Winga, dalali wa mtaani, alinidaka kabla sijavuka barabara. "Bosi wangu, kadi? Twende." Kwingine walikuwa wanataja laki mbili na nusu, yeye laki moja na nusu, boksi jipya linang'aa. Nikaigeuza nyuma, penye matundu ya kuchomekea monita: HDMI, DVI, na tundu la bluu la VGA. Monita yangu nyumbani ilikuwa kuukuu, haijui kingine ila VGA. Nikacheka kwa furaha. Nikamwambia, "Hii kama imetengenezwa kwa ajili yangu." Winga akakubaliana nami kwa moyo wote.

Nililipakata boksi lile hadi Mtwara kama mtoto mchanga. Nangurukuru basi zima likashuka kula, mimi nikabaki kwenye siti.

Nyumbani ikawaka. Windows ikaisoma: GTX 1050 Ti, memori 4GB. Nikafungua gemu ya mpira, timu zikaingia uwanjani, mwamuzi akaweka filimbi mdomoni, kioo kikawa cheusi. Nikalaumu umeme. Mara ya pili nikalaumu dreva, programu ya kuiendesha kadi, nikapakua mpya, bando likaisha, hali ikawa mbaya zaidi. Kufikia usiku wa tatu nilikuwa nimeweka Windows upya mara mbili, nimeielekezea feni ya mezani na nimesoma dua. Ndipo nikapata GPU-Z, programu ndogo ya bure ya kuonyesha kadi ni ya aina gani. Nikaifungua. Mbele ya jina la kadi imeandikwa FAKE, herufi kubwa kabisa. Chipu halisi ilikuwa GTS 450, ya mwaka 2010, mimi nikiwa darasa la sita! Mtu ameichakachua BIOS ya kadi, programu iliyofungiwa ndani yake, ili ijitaje jina lisilo lake. Babu kapewa kitambulisho cha mjukuu.

Kilichoniuma si hela. Ni kuja kusoma kwamba 1050 Ti, iliyotoka 2016, haitoi kabisa mawimbi ya analogi ambayo VGA inayahitaji. Ya kweli haina tundu lile. Kitu nilichokichekea ndicho kilichokuwa kinanipigia kelele nikimbie. Namba ya winga haipatikani hadi leo.

Mtumba nikamuuzia mwenye duka la steshenari wa Magomeni, nikaanza upya. Kaka akanishauri safari hii nianze na i9, prosesa ya bei kubwa. Nikaitikia "sawa kaka", nikanyamaza.

Nilichagua prosesa ya Ryzen 5 5600G, na hiyo herufi G mwishoni ndiyo niliyoilipia. Hela ya kadi sikuwa nayo tena, na G ina grafiki yake ndani. Ukinunua 5600 bila G na huna kadi, unawasha unatazama giza. Ila grafiki ya ndani haina memori yake, inakopa kwenye RAM, memori ya kompyuta nzima, kwa hiyo vipande viwili vya 8GB vinaipa kasi kuliko kimoja cha 16. Muuzaji akanitumia kimoja cha 16: "Ni ileile, bosi." Nikakirudisha na basi lililokileta. Kondakta aliniangalia sana.

Mazabodi nilichukua B450 kwa sababu ya bei. Hizo zilitoka 2018, prosesa yangu 2021, kwa hiyo iliyolala dukani muda mrefu huenda isiitambue. Mwambie muuzaji asasishe BIOS ya mazabodi kabla hajafunga mzigo. Pawasaplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi) nilimtuma binamu, na nikamwambia aipime mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi la biskuti, airudishe kwenye shelfu. Kufunga kulichukua jioni moja, sina la kusimulia. Ah, RAM ya 3200 haikimbii 3200 mpaka uiwashe XMP, mpangilio wa kuifungulia kasi hiyo, kwenye BIOS. Mimi niligundua mwezi wa pili.

Kadi ilikuja mwaka uliofuata: RX 580 ya 8GB, mtumba. Ethereum, sarafu ya mtandaoni, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, nyingi zilimwagwa sokoni, na nyingine zimechoka. Halafu kuna RX 580 yenye vichakataji vidogo 2304, na kuna nyingine inayovaa jina hilohilo ina 2048. Binamu akasimama dukani na video kola, mimi nimekaa hapa na ming'oko yangu, viazi pori vya kwetu. "Fungua GPU-Z. Sogeza simu. Soma hiyo namba." Elfu mbili mia tatu na nne. "Sasa iendeshe kwa jaribio la mzigo, dakika kumi na tano." Muuzaji akasikika nyuma: "Huyu ndugu yako wa kusini ni polisi?" Tukasubiri zote kumi na tano.

Umeme nilianza na gadi ya friji, upumbavu mtupu. Umeme ukiyumba kidogo inakata, halafu inakusubirisha dakika tatu kana kwamba unalinda nyama. Nikanunua UPS, yenye betri ya kushikilia umeme ukikatika. Vumbi na chumvi ya pwani nimeviwekea soksi ya nailoni, nimeivuta juu ya feni ya mbele. Dada aliitafuta wiki nzima.

Juzi kaka wa kazini kanitumia picha kwenye simu. Anamnunulia mwanawe kadi, kapata bei poa sana, anataka tu nimthibitishie. Nikaikuza picha, nikasogea hadi nyuma ya kadi.

Tundu la bluu.