Data ibaki kwa mwenyewe

Kazi yangu ni kufundisha modeli, yaani programu za akili bandia, zinazosoma picha za eksirei, na swali linalonivutia kuliko yote ni hili: hospitali kadhaa zinawezaje kufundisha modeli moja bila hata moja kutoa picha ya mgonjwa? Brendan McMahan na wenzake wa Google walieleza njia mwaka 2016. Seva hutuma modeli kwa kila mshiriki. Kila mmoja huifundisha kwa data yake hukohuko iliko, kisha hurudisha namba za ndani ya modeli zilizobadilika tu. Seva hupiga wastani, mzunguko unaanza upya.

Wengi huishia hapo wakiamini siri iko salama. La hasha! Mwaka 2019 Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han walionyesha kwamba picha yenyewe inaweza kuundwa upya kutokana na gredienti zilizotumwa, yaani namba zinazoonyesha modeli irekebishwe vipi. Ndiyo maana nasisitiza ujumlishaji salama, ambapo seva huona jumla bila kujua nani katuma nini, pamoja na kelele ya kinasibu, yaani namba za kubahatisha zinazoongezwa makusudi, inayofunika mchango wa mgonjwa mmoja mmoja. Kelele hiyo hupunguza usahihi, hasa kwa magonjwa adimu yenye picha chache, na hapo ndipo ninapobishana sana na wenzangu. Mimi niko tayari kupoteza usahihi kidogo, maana mgonjwa mwenyewe hatukumuuliza.