Bustani ya ndani katika ofisi tunayochangia

Ofisi yetu iko ghorofani, karibu na Ngong Road, Nairobi. Kila mtu amekodi meza yake: wahasibu, waandishi wa programu, wachoraji wa ramani za nyumba. Nilipoomba kuweka mimea, msimamizi wa jengo alitoa sharti moja tu, sakafu isilowe. Nikatafuta sahani za kuweka chini ya kila chungu.

Kabla ya kununua mche wowote, nilichunguza madirisha. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kama nyuzi 1. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huegemea kaskazini, kisha huhamia kusini. Dirisha la kaskazini hupigwa na jua Juni, mawingu yakikubali, lakini Desemba liko kivulini. La mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo mboga zote nilizipanga hapo. Sansevieria, ile yenye majani marefu magumu kama panga, ilienda kwenye kona ya printa. Huvumilia mwanga hafifu na kiu.

Mnanaa niliununua sokoni fungu moja. Nilipukutisha majani ya chini, nikasimamisha mashina kwenye glasi ya maji, na mizizi ikachomoza penye vifundo. Mbegu za dhania huwa mbili ndani ya ganda moja, basi nilizipondaponda chini ya chupa hadi zikagawanyika, nikaziloweka usiku kucha. Udongo nilichanganya na samadi iliyooza vizuri na mchanga, ili maji yasituame.

Lakini kazi kubwa ilikuwa watu. Kila aliyepita na chupa alimwagia mimea maji kidogo, kwa nia njema kabisa. Udongo ukikaa chepechepe mizizi huoza, na vijimbu vyeusi huanza kuruka juu ya meza. Nilimwomba mama anayetusafishia ofisi awe ndiye pekee wa kumwagilia, nikakubaliana na wenzangu tumwongezee malipo. Amelima maisha yake yote. Hutia kidole udongoni, akitikisa kichwa: "Hii bado, mwanangu. Ngoja kesho."

Anayetaka mnanaa wa chai hukata juu kidogo ya kifundo chenye majani, hang'oi. Hapo hapo huchipuka matawi mawili.