Mstari Nilioufuta kwa Kucha

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la sita katika shule ya bweni ya watoto wasioona, mbali na kwetu Muheza. Surua ilinichukulia macho nikiwa na miaka minne, kwa hiyo barua za nyumbani nilizijua kwa sauti ya mwalimu wa zamu tu. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alisimama mlangoni mwa bweni, akaita jina, akachana bahasha na kusoma palepale. Hakuwa na nia mbaya. Barua zilikuwa nyingi na yeye alikuwa mmoja. Ndivyo bweni zima lilivyosikia pamoja nami kwamba baba ameondoka nyumbani na haijulikani aliko. Usiku ule mwenzangu wa kitanda cha jirani akaniuliza kama mama ataolewa tena. Nilijigeuzia ukutani.

Likizo ya Juni mdogo wangu wa kike, miaka kumi, alinikuta barazani natoboa karatasi kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, naye akataka kujua. Nikakata kipande cha trei la mayai chenye mashimo sita, safu mbili za matatu matatu, tukachukua punje za mahindi. Punje moja juu kushoto, hiyo ni a. Ongeza nyingine chini yake, ni b. Nikamsimulia kisa tulichopewa darasani cha Louis Braille, mtoto wa Kifaransa aliyejichoma jicho akiwa na miaka mitatu kwa chombo cha baba yake cha kutobolea ngozi, akaishia kupofuka macho yote mawili. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa ameshazipanga nukta hizi sita zinazotoa alama 63.

"Kumbe aliyezitunga ni mtoto!" akasema. Tangu hapo hakuniacha nipumzike.

Kilichomtesa ni kibao, kile kifaa cha kubania karatasi na kuandikia nukta. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, unabonyeza nukta kwa nyuma, halafu unaigeuza karatasi ndipo nundu zijitokeze na usome kutoka kushoto. Kila herufi lazima uipindue kichwani kwanza. Ukisahau, e inakuwa i, d inakuwa f, h inakuwa j. Siku ya kurudi shule nilimwachia kibao changu cha zamani, kile chenye bawaba iliyolegea.

Septemba mwalimu akaita jina langu. Nikasikia bahasha inachanika, kisha kimya.

"Hii utasoma mwenyewe," akasema, akanitia karatasi mkononi.

Ilikuwa karatasi ya kalenda iliyokwisha mwaka wake, ngumu, upande mmoja unateleza. Pembeni, mhuri wa posta ulikuwa umezilaza nukta kadhaa. Sikuisoma pale, maana wenzangu wote walikuwa na vidole kama vyangu. Niliificha ndani ya shati mpaka bweni likalala, nikajifunika shuka gubigubi na kuitandaza juu ya godoro. Giza halikunihusu.

"Juhambo kaka." Nilimwona kabisa, ulimi nje, anapindua h na j kichwani na kuzipindua tena kimakosa. Mstari wa pili ukasema, "Baba amirufe." Kidole kikapita, kikarudi. A, m, i, r, u, f, e. Nilidhani ni jina la mtu. Nikaanza kuzigeuza moja moja kama nilivyomfundisha kwa punje za mahindi: i ni e, f ni d, na e ya mwisho ni i.

Amerudi.

Sentensi iliyofuata haikuwa na kosa hata moja. Nadhani aliiandika polepole kuliko zote: "Anaumwa sana na mama hataki watu wajue."

Siku hizi simu inanisomea ujumbe, na ninashukuru. Lakini naumia kila nikisikia watu wakisema nukta nundu zimepitwa na wakati. Simu ingenitamkia "amirufe" nami nisingejua kosa limeanzia wapi. Mtoto anayelelewa kwa kusikilizishwa tu hukua na maneno ambayo hajawahi kuyagusa, hajui yanaandikwaje wala yanaachana wapi. Na sauti, hata ukiiteremsha namna gani, ni sauti. Kuna sikio jingine karibu. Mama asingethubutu kuituma habari ile kwa wino. Angekaa nayo peke yake, nami ningekaa bila kujua hadi likizo ya Desemba.

Niliisoma sentensi ile mara nyingi, sijui ngapi. Kisha nikaiweka karatasi juu ya kifuniko cha sanduku langu na kuanza kuzisugua nukta zake kwa ukucha wa kidole gumba, herufi baada ya herufi, hadi pakawa laini. Mistari mingine niliiacha. "Juhambo kaka" ipo hadi leo, imechakaa kwa kupapaswa.

Asubuhi mwalimu alinikuta bombani.

"Wanasemaje nyumbani?"

"Wazima, mwalimu. Wanasalimia."