Jinsi nilivyojifunza kukaa na mtoto asiyetaka kuongea

Nilipokuwa najifunza unasihi wa watoto na familia, rekodi yangu ya kwanza ya kikao ilikuwa ya dakika 25, na ndani yake kulikuwa na maswali 41. Niliyahesabu mwenyewe usiku, kalamu mkononi, kwa sababu msimamizi wangu alitaka niiandike yote neno kwa neno kabla hatujakutana. Mtoto alikuwa wa miaka minane. Mama yake aliridhia turekodi, mtoto naye aliulizwa akakubali, na hapa nimebadilisha kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha. Katika dakika zote hizo alinijibu "ndiyo", "hapana", "sijui", na mara moja "naomba kwenda chooni".

Masomo ya darasani nilikuwa nimeyamaliza, tena kwa alama nzuri. Hatua 8 za ukuaji za mwanasaikolojia Erik Erikson nilizijua kwa mpangilio. Nilijua kwamba Carl Rogers, mwanasaikolojia mwingine, mwaka 1957 alieleza masharti ambayo mtu huyahitaji ili abadilike, yakiwemo kukubaliwa jinsi alivyo na kueleweka kwa namna yeye mwenyewe anavyoyaona mambo. Niliyaandika hayo kwenye mtihani. Kisha nikaketi mbele ya mtoto nikamhoji kama karani anayejaza fomu.

Kuna sehemu moja ya rekodi ile ambayo mpaka leo inanichoma. Dakika ya sita unasikika mkwaruzo mdogo. Sauti haionyeshi mikono, lakini nilipousikia nilikumbuka: mtoto alikuwa amemchukua mwanasesere wa baba, akamsukuma chini ya kitanda cha nyumba ya kuchezea, akamwacha huko. Mimi wakati huo huo nikauliza, "Na shuleni unaendeleaje?"

Msimamizi wangu alisikiliza mpaka hapo akasema, "Rudisha nyuma." Tukasikiliza tena. "Mdogo wangu," akaniambia, "hapo alikuwa ameshakueleza. Ulikuwa unatafuta nini kingine?"

Akanipa zoezi la wiki tatu: nisiulize swali lolote. Tulifanya mazoezi watu watatu watatu, mmoja mnasihi, mmoja mteja, wa tatu mtazamaji. Kila nilipouliza swali, mtazamaji aligonga meza kwa kidole. Siku ya kwanza meza iligongwa hadi nikakaribia kulia. Nilidhani kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Niliponyimwa maswali niligundua sina zana nyingine, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwa kweli.

Zana ya kwanza niliyopata ni kutaja ninachokiona. "Umemchukua huyu." "Unamsukuma taratibu." "Sasa yuko chini kabisa, haonekani." Ukiisoma kwenye karatasi inaonekana haina maana, lakini kwa mtoto ni alama kwamba macho yako yako kwake na humharakishi. Virginia Axline, ambaye mwaka 1947 aliandika kanuni 8 za tiba ya kucheza, yaani kumsaidia mtoto kupitia michezo yake, alisisitiza kwamba mtoto ndiye anayeongoza njia na mtu mzima hufuata. Kufuata kunachosha kuliko kuongoza. Inabidi uzuie ulimi wako kumpa mwanasesere jina kabla mtoto hajampa. Mimi nikisema "baba" na yeye kichwani ni mjomba, nimeshamharibia hadithi yake, na watoto wengi hawatakusahihisha. Wataiacha tu. Kwa hiyo nasema "huyu" mpaka aniambie ni nani.

Baada ya hapo ilikuja kuakisi hisia, yaani kuitaja hisia unayoiona ili mtoto asikie kwamba imeonekana. Hapa nilikosea kwa namna nyingine. Nilisema "umehuzunika" kwa kila kitu, kwa sababu huzuni ndiyo hisia niliyoizoea mimi. Msimamizi aliniambia niandike maneno ya hisia ninayoyatumia nyumbani kila siku. Yalikuwa sita. Nikaanza kuongeza: kukereka, kuona haya, kuonea wivu, kukata tamaa, kuhemewa, kushangaa, kujiona mpweke. Mtoto ambaye amekereka ukimwambia amehuzunika, anajua hujamwona.

Na mipaka. Nilifikiri kumkubali mtoto ni kumwacha afanye chochote, mpaka siku moja mmoja alipoinua bonge la udongo wa kufinyanga kunilenga usoni. Niliganda. Baadaye nilifundishwa hatua 3 za Garry Landreth, mtaalamu wa tiba ya kucheza, na nilizirudia kwa sauti mpaka zikakaa mdomoni: taja anachohisi, eleza mpaka, mwonyeshe pa kupelekea hasira ile. "Naona umenikasirikia sana. Mimi si wa kupigwa. Unaweza kuubamiza udongo huo kwenye ubao ule." Mpangilio ni muhimu. Ukianza na mpaka, mtoto anasikia karipio tu.

Vijana walinipa shida zaidi. Kijana huletwa, ni nadra kuja mwenyewe. Wa kwanza wangu alikuwa na miaka 16, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayesubiri gari. Nilimpa ushauri mzuri sana, kwa mpangilio, nikiamini namsaidia. Aliitikia "sawa" mara saba. Msimamizi akasema, "Sawa zile ni za kukufukuza."

Kwa hiyo nilianza upya, na nilianzia kwenye usiri. Sasa hivi nalisema jambo hili mwanzoni kabisa, kwa maneno ya kawaida: "Tunayozungumza yanabaki hapa. Yapo mambo matatu ambayo sitaweza kukaa nayo peke yangu: ukiwa katika hatari ya kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au kama kuna mtu anakudhuru wewe. Yakitokea, nitajitahidi wewe uwe wa kwanza kujua nitamwambia nani." Zamani niliyaficha haya mpaka yatokee, nikiogopa kumtisha. Ni kosa kubwa. Kijana akigundua mpaka wa usiri baada ya kukuamini, umemsaliti, na hatamwamini mwingine kwa urahisi.

Nilibadilisha pia namna ya kukaa. Kutazamana ana kwa ana kunamfanya kijana ajione yuko mahakamani. Nilisogeza kiti kidogo upande, kila mmoja akawa na karatasi na penseli, tukachorachora. Kisha nikatumia kipimo ambacho wanatiba Steve de Shazer na Insoo Kim Berg walikieneza katika kazi yao huko Milwaukee, Marekani: kati ya 0 na 10, leo uko wapi? Akasema 3. Nafsi yangu ya zamani ingetaka kujua kwa nini hajafika 7. Nikauliza, "Mbona si 1?"

Alikaa kimya muda mrefu. Nilihesabu pumzi zangu ili nisijaze ule ukimya. Ndipo akasema, "Kwa sababu bado naamka." Kisha akaongeza kwamba mdogo wake wa kike humsubiri amfunge kamba za viatu kila asubuhi.

"Bado naamka" ni neno lisilopaswa kupitwa. Kwa miezi miwili nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuliuliza swali moja mbele ya kioo, kwa sababu mara ya kwanza nilipolijaribu darasani nililizungusha hadi mteja wa kuigiza hakuelewa ninachouliza. Watu wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Sivyo, kuuliza wazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Nikauliza kwa sauti ile ile ya kawaida: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akajibu, "Mwezi uliopita." Nikauliza kama bado anafikiria, kama amepanga namna, kama ana kitu cha kutumia. Sikumwacha peke yake. Nilimpigia msimamizi simu yeye akiwa pale pale, na mzazi wake alipofika tulimweleza pamoja, kijana akichagua maneno ya kuanzia, kisha tukakubaliana nani atakaa naye, nini kitaondolewa nyumbani na atamwona daktari gani. Kama nisingelizoeza mdomo wangu swali lile, ningesema "pole, yatapita" na kumwacha aende.

Kwa familia nilichelewa zaidi, na bado najifunza. Familia ikiingia, kila mtu hunigeukia mimi. Baba husema, "Mwambie huyu mtoto, dada," na mtoto yuko hapo hapo, hatua moja kutoka kwake. Nikiitikia, nakuwa daraja la kupitishia lawama. Kutoka kwa Salvador Minuchin, mtaalamu wa tiba ya familia, nilijifunza kurudisha kiti nyuma. Nafanya hivyo kwa mwili kabisa, nakivuta mpaka kisikike sakafuni, nasema, "Baba, mgeukie umwambie wewe." Dakika ya kwanza huwa ngumu kwa kila mtu. Lakini katika dakika hiyo ndipo naona nani anamkatiza nani, na nani anatazama dirishani.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni mchoro wa familia uliotokana na kazi ya Murray Bowen, naye mtaalamu wa tiba ya familia: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya ndoa na ya watoto, alama ya X kwa aliyefariki. Natandaza karatasi kubwa chini na kalamu nampa mtoto. Siku moja binti wa miaka 11, aliyeletwa kwa sababu ya hasira, alichora wote, akamaliza, akafunika kalamu. Bibi yake, ambaye hakuwa ametamka neno tangu aingie, akasema polepole, "Kuna mmoja mmemruka." Mama akainamisha kichwa. Binti akafungua kalamu tena, akachora mraba mdogo sana kando yake mwenyewe, akaukata kwa X, akauzungushia mstari mara mbili. Hakuna aliyedhani kwamba binti anajua kuhusu yule mtoto aliyefariki. Sikuuliza kitu. Nilisema tu, "Huyu naye ni wa humu." Kikao kizima kilichobaki walizungumza wao kwa wao.

Mtoto wa miaka minane niliendelea naye. Katika mwezi wa nne wa kukutana naye nilirekodi tena, nikaandika tena neno kwa neno. Maswali yalikuwa 6. Kuna mahali ambapo kwa sekunde 50 hakuna anayesema chochote, unasikia tu vitu vidogo vikisogezwa. Alimtoa mwanasesere chini ya kitanda, akampangusa vumbi kwa kidole, akamsimamisha mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Amesimama mlangoni," nikasema.

"Anasikiliza kama tumelala," akanijibu.